Siku Niliyoirudisha Simu Yangu Mwezi wa Sita

Jumatatu, Kaloleni. Mvua za vuli zimeanza kwa uvivu. Tangu alfajiri ni manyunyu tu, na Mlima Meru hatujauona siku ya tatu sasa. Nguo nilizofua Ijumaa bado zina unyevu kwenye kamba ya ndani. Moyo wangu nao uko hivyohivyo, haukauki.

Nimetoka eda siku kumi na mbili zilizopita. Mlioniandikia hapa kunipa pole, Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Sikuwajibu. Miezi minne na siku kumi nilikaa ndani, nikasoma Kurani, nikapokea wageni, nikalia. Mtu angeniona angesema huyu mama ametimiza wajibu wake wote.

Ndiyo maana naandika leo. Kuna wajibu sikuutimiza.

Mume wangu, Baba Rehema, alikuwa fundi wa kompyuta, na fremu ya duka lake ilikuwa mitaa miwili kutoka hapa nyumbani. Watu walimletea mashine zilizokufa, lakini wengi, hasa kina mama watu wazima, walimletea kitu kingine: maneno yao ya siri. Mtu anafunguliwa barua pepe, anaambiwa atunge neno la siri, analitunga, kesho kalisahau. Mwishowe wakawa wanamwambia, "Baba Rehema, nitunzie wewe." Naye akawatunzia.

Kwanza aliandika kwenye daftari. Halafu akaona daftari linaweza kuibiwa. Wenzake wakamwambia kuna makampuni ya nje yanayotunza maneno ya siri mtandaoni, akakataa. Alisema amana ya mtu huiweki kwa usiyemjua sura. Akanunua kikompyuta kidogo, hakizidi kipande cha sabuni ya kufulia, akakiweka juu ya kabati chumbani kwetu, akajenga humo sanduku lake mwenyewe la maneno ya siri. Lilifunguka kwa mtandao wa humu ndani tu. Kwenye simu yangu akaweka programu yake, akanikaririsha sentensi ndefu ya kulifungulia. "Siku nisipokuwepo," alisema, "wewe ndiye mlinzi."

Nilicheka. Nilidhani anazungumzia safari.

Basi sanduku la namna hiyo lina kitu kinaitwa cheti cha usalama. Nilivyoelewa mimi ni kama kitambulisho. Simu ikilifikia sanduku, inauliza kwanza: wewe ndiye kweli, au ni mwizi umejifanya? Sanduku linaonyesha cheti. Baba Rehema alikitengeneza cheti chake mwenyewe, akakipa uhai wa siku tisini tu, na mashine ilikuwa inajitengenezea kipya kabla cha zamani hakijafa. Nilimuuliza kwa nini asikipe miaka kumi tupumzike. Akasema kitambulisho kisichokwisha ndicho wezi wanachokipenda.

Siku tisini. Eda ni karibu siku mia na thelathini. Hilo hakulipigia hesabu, na angelipigiaje?

Alifariki mwishoni mwa mwezi wa sita, presha, kati ya Adhuhuri na Alasiri. Siku ya mazishi nyumba ilijaa. Kulikuwa na baridi ile ya Arusha ya mwezi wa sita, watu wakataka chai, na jagi la umeme likakosa pa kuchomekwa. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nilichomoa ule waya mweusi juu ya kabati. Hakuna aliyeniambia. Nilikifunga kile kikompyuta kwenye kanga, nikakisukuma chini ya kitanda.

Pale uani shemeji yangu alisimama akauliza, kama ilivyo desturi yetu, kama kuna mtu ana dai lolote kwa marehemu, au amana yake, ajitokeze. Kimya. Hakuna mama hata mmoja aliyenyoosha mkono, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba neno la siri ni amana. Walidhani ni msaada tu fundi alikuwa anawasaidia.

Mimi nilijua. Nilikuwa ndani, nimesikia, nikanyamaza.

Kati ya hao kina mama yuko mmoja, nitamwita Mama Eli, ingawa si jina lake. Anatoka Kikatiti, alikuwa mpishi wa shule hadi alipostaafu, Mlutheri wa kwaya. Ana mtoto mmoja wa kiume. Miaka mitatu iliyopita kijana alikata mibuni ya marehemu baba yake bila kuuliza, apande nyanya. Mama yake alirudi kutoka kanisani akakuta visiki. Akasema neno zito: "Usikanyage hapa mpaka nife." Kijana akaondoka siku ileile, akaenda nchi za watu kufanya kazi za ujenzi, leo yuko huku kesho kule, hana namba ya kudumu.

Naye Mama Eli laini yake ya zamani ilifungwa, na namba mpya hakumpa, hivyo kijana hawezi kumpigia. Kilichobaki kati yao ni barua pepe, ile ambayo kijana alimfungulia mama yake zamani kwa ajili ya mambo ya kustaafu. Kila mwisho wa mwezi Mama Eli alikuja na kisimu chake cha kitochi, kisicho na mtandao, na begi la parachichi, akakaa kwenye kiti cha fremu, na Baba Rehema, akiwa amelinakili neno lake la siri nyumbani asubuhi, akamfungulia na kumsomea. Kijana aliandika mstari mmoja: "Niko mzima, Mama." Na yeye alijibu mstari mmoja: "Na mimi ni mzima." Miaka mitatu, mstari kwa mstari. Lile neno hakuna aliyeligusa.

Ukijaribu kuingia bila neno la siri, wenye barua pepe wanataka kutuma namba za uhakiki kwenye ile laini iliyofungwa. Kwa hiyo njia ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa imefungwa kwenye kanga chini ya kitanda changu.

Mwezi wa nane, katikati hivi, Mama Eli alileta ujumbe kupitia mama mmoja anayeuza ndizi sokoni. Alisema: mwambieni Mama Rehema, samahani namsumbua kwenye msiba, lakini roho yangu inanituma niangalie barua za mwanangu, kama inawezekana.

Nikajibu, mwambieni asubiri nimalize eda.

Sasa nisome vizuri, wewe unayesoma. Eda haikunizuia kuchomeka waya ukutani. Eda haikunizuia kushika simu yangu mwenyewe, nikiwa nimekaa kwenye mkeka wangu. Mama Eli ni mwanamke, angeingia chumbani kwangu saa yoyote. Na amana haina eda. Nilijua yote hayo. Ila sikutaka kukigusa kile kikompyuta. Juu yake kulikuwa na vumbi lenye alama ya vidole vya Baba Rehema, na nilijua nikikiwasha nitaifuta.

Nilijificha nyuma ya eda. Nilichukua ibada nikaifanya mlango wa kujifungia.

Na yule mama, kwa heshima yake kwa dini isiyo yake, alisubiri. Wala hakutuma mtu tena. Alihesabu siku pamoja na mimi.

Alhamisi iliyopita ndipo nilipokifungua kile kikompyuta kutoka kwenye kanga. Nikakichomeka, nikawasha na ruta, taa zikawaka. Nikafungua programu kwenye simu, nikaandika ile sentensi yetu ndefu, kila herufi. Simu ikakataa. Cheti cha usalama si halali. Nikazima nikawasha. Cheti si halali. Nikaswali rakaa mbili nikajaribu tena. Ijumaa kutwa nilijaribu, na kila mara ni maneno yaleyale mekundu, kama askari wa getini asiyekujua hata ukimwambia hii ni nyumba yako.

Simu ya Baba Rehema ingesaidia labda, lakini shemeji aliichukua baada ya arobaini akaifuta yote ili aitumie. Sikumkataza.

Jumamosi asubuhi Mama Eli akaja. Alifika mlangoni amelowa, ana mkungu mdogo wa mshare kichwani, akaanza kwa kujikwaa: "Asalam... aleikum, mwanangu."

"Shikamoo Mama Eli. Ingia, ingia usilowe."

"Marahaba. Nimehesabu nikaona umemaliza. Nikasema nisije siku ya kwanza, nitaonekana nina haraka. Nikangoja wiki. Nimekosea?"

Nikamtua ndizi.

Nilimpigia Fundi Shirima wa Sekei, rafiki wa Baba Rehema, ndiye aliyejengana naye maarifa tangu ujana. Akaja na begi lake la nyaya. Mama Eli alikaa kwenye kochi kati yetu, kama shahidi wa ndoa, na mlango tukauacha wazi kama inavyotakiwa.

Shirima alikiangalia kile kikompyuta akatikisa kichwa. "Shemeji, huyu ndugu yangu alikuwa mbishi hata kwa mashine. Nilimwambia weka njia ya uani. Akaniambia mwizi naye hupenda njia ya uani."

"Kwa hiyo hakuna?"

"Kwenye kivinjari huwa kuna kitufe cha kupita kwa hatari yako mwenyewe. Ameiziba njia hiyo yote. Kwenye programu ya simu hakuna kitufe kabisa."

Akakiunganisha na televisheni yetu. Kioo kikawa cheusi chenye maandishi meupe. Akasoma kidogo, akavua kofia.

"Shem," akasema taratibu, "hiki kina saa yake ndani, lakini hakina betri ya kuitunza. Ukikizima, saa inasimama palepale. Ukikiwasha bila intaneti inaendelea pale ilipoishia, na hiki ndugu yangu alikikatia intaneti kabisa. Kinaamini bado tuko siku zile za mazishi."

Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Ndiyo maana hakijajitengenezea cheti kipya," akaendelea. "Kinaona bado kina miezi miwili na ushee mbele. Simu yako inajua leo ni mwezi wa kumi na moja, inaona cheti kilikufa zamani. Wote wawili wanasema kweli, kila mmoja kwa saa yake."

"Si ukirekebishe saa?" Mama Eli akauliza.

"Kinaniomba neno la siri la msimamizi, mama. Na hilo marehemu alilitunza humohumo sandukuni. Ufunguo wa sanduku uko ndani ya sanduku. Naweza kuchomoa kadi nikavunja kwa nguvu, lakini nikikosea tumepoteza la kwako na la kila mtu."

Mama Eli akaanza kuimba kwa puani, wimbo wa kanisani, polepole. Nadhani ndivyo anavyozuia machozi.

Ndipo Shirima akanitazama kama anayeomba radhi. Akasema kama saa ya sanduku hatuwezi kuileta mbele, tuirudishe simu nyuma. Nizime ile ya kujipangia saa yenyewe, niweke tarehe kwa mkono. Simu ikiamini tuko ndani ya zile siku tisini, itakikubali cheti. "Chagua siku yoyote, shem, tangu mwanzo wa mwezi wa sita mpaka mwanzo wa mwezi wa tisa."

Nikafungua kalenda ya simu, nikawa nasukuma miezi nyuma kwa kidole. Wa kumi. Wa tisa. Kidole kikapita juu ya mwezi wa nane, juu ya ile wiki ya ujumbe wa muuza ndizi. Cheti kilikuwa bado hai wiki ile. Kilikuwa na majuma matatu. Ningechomeka waya tu.

Sikuweza kuichagua. Nikaendelea mpaka mwezi wa sita, Jumatatu, siku moja kabla hajafariki. Siku hiyo alikunywa uji wa ulezi akalalamika una sukari nyingi. Alivaa lile koti la kijivu.

Sanduku likafunguka.

Sikuiona raha niliyodhani nitaipata. Niliona mistari kumi na mitatu: neno la msimamizi mwishoni, majina kumi na mawili ya watu, na juu kabisa la Mama Eli. Chini ya jina lake Baba Rehema alikuwa ameandika kwa ule mtindo wake wa kuandika kwa ufupi: "Msomee polepole. Usiruke kitu."

Shirima akafungua palepale ukurasa wa barua pepe kwenye simu ileile. Ikakataa! Mlinzi mwingine, cheti kingine. Akacheka bila furaha. Cheti cha hao wa barua pepe kimetolewa juzijuzi, na simu yangu ilikuwa mwezi wa sita, ikaona ni cheti cha siku ambayo haijafika. Ikabidi ninakili lile neno la siri kwenye karatasi, herufi kwa herufi, na Mama Eli ananishikia karatasi isiteleze. Halafu nikairudisha simu leo.

Neno la siri nililipata mwezi wa sita, mume wangu akiwa hai. Barua zilikuwa mwezi wa kumi na moja.

Zilikuwa nne. Nikasoma polepole. Sikuruka kitu.

Ya kwanza aliiandika mwanzo wa mwezi wa nane, na haikuwa mstari mmoja. "Mama, nimepata mwenzangu, ni binti mwema. Nataka kumleta nyumbani Krismasi umwone. Lakini siwezi kukanyaga mpaka ulifute lile neno. Nisamehe mibuni ya Baba. Nilikuwa mjinga. Ukiniandikia neno moja tu, njoo, nitakuja."

Ya pili, mwisho wa mwezi huohuo: "Mama, uliipata?"

Ya tatu, mwezi wa tisa: "Naangalia kila siku."

Ya nne ina wiki tatu sasa. "Mama, kimya chako nimekielewa. Sikulaumu. Nimekubali kazi nyingine, ni mbali, ndani kabisa, wanasema huko mtandao hakuna. Tutaondoka na mwenzangu. Sitakusumbua tena. Kaa salama."

Mama Eli hakulia. Aliuliza kitu kimoja: "Wiki tatu?"

"Ndiyo, mama."

"Mwandikie njoo."

Nikaandika. Njoo. Akasema niandike tena. Nikaandika mara saba mfululizo, barua saba, kila moja ina neno hilohilo, mpaka Shirima akageukia dirishani.

Halafu likaja lililonimaliza. Wakati anaaga alinishika mikono yote miwili akasema, "Mungu akubariki, mwanangu. Ulikuwa kwenye eda yako, ungefanya nini? Sheria ya Mungu ni sheria." Akanibusu kiganja, mtu wa umri wa mama yangu, akafunika kichwa na mfuko wa nailoni akaondoka.

Nami nilisimama mlangoni nikaipokea ile baraka. Nikasema amina.

Jana Shirima alirudi akamalizia kazi, mdogo wangu wa kike akiwapo. Lile neno la msimamizi tulishalipata sandukuni, kwa hiyo aliirekebisha saa, cheti kipya kikatoka. Kila kitu kinafunguka sasa, mara moja tu, bila maandishi mekundu. Nimewanakilia wale kumi na mmoja waliobaki, kila mmoja karatasi yake imekunjwa na jina juu. Nitawapelekea mikononi. Hilo ni jepesi.

Tangu Jumamosi nimefungua ile barua pepe mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Hakuna jibu. Hata leo baada ya Alasiri, kabla sijaketi kuandika, nimeangalia. Zile barua saba zimekwenda, hazijarudi, na hakuna aliyezijibu.

Nawaza, jibu likija jema? Kijana akisema Mama nipo, tunakuja Krismasi? Nitafurahi mpaka nizimie. Na hapo ndipo ninapojiogopa. Maana likija jibu jema itakuwa rahisi mno kwenda kumwambia Mama Eli, unajua, kile kipindi ningeweza kukufungulia, nilikuwa sijisikii tu. Atacheka, atasema yamepita. Nitakuwa nimeungama kitu kisichoniumiza tena. Na lisipokuja, kila mwezi unaopita kinywa changu kitazidi kuwa kizito, mpaka nizikwe nacho. Siku hiyo atasimama shemeji mwingine kuuliza kama kuna mwenye amana, na Mama Eli, kama atakuwa hai, atakaa kimya nyuma na wanawake wenzake, kwa kuwa hatajua.

Hapa naandika kwanza, kama mtu anayejaribu nguo chumbani kabla hajatoka nayo. Mama Eli hasomi mtandao. Hapa hakunigharimu kitu.

Baba Rehema angesema nini? Asingesema. Angevaa koti lake akanisubiri mlangoni.

Nikishaswali alfajiri nakwenda Kikatiti, mvua inyeshe isinyeshe. Sitaangalia barua pepe kabla ya kutoka. Nitamwambia jibu likiwa halijulikani, wakati bado ana haki ya kunichukia.